Mervyn Bishop na Kamera Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mervyn Bishop ni nani?

Mervyn Bishop ni mpiga picha wa Australia aliyezaliwa Julai 1945 katika mji mdogo wa Brewarrina, kaskazini-magharibi mwa jimbo la New South Wales. Yeye ni Muaborijini, mmoja wa wenyeji asilia wa bara hilo, na ndiye Muaborijini wa kwanza kuajiriwa kama mpiga picha na gazeti kubwa la kila siku nchini mwake. Wengi wanamfahamu kwa picha moja tu, ile ya mwaka 1975 inayomwonyesha waziri mkuu akimimina udongo mwekundu katika kiganja cha mzee wa Kigurindji, mojawapo ya jamii za Waaborijini. Wapo wanaoifahamu picha hiyo pasipo kujua jina la aliyeipiga, na hiyo ni sababu tosha ya kuandika ukurasa huu.

Kabla yake, na hata katika miaka yake ya mwanzo kazini, Waaborijini walipigwa picha mara nyingi sana, lakini waliokuwa nyuma ya kamera walikuwa wamisionari, wanaanthropolojia, maofisa wa serikali na watalii. Mtu alisimamishwa, akapigwa, na picha ikaondoka naye asiione tena. Bishop aliishika kamera akiwa mtoto wa nyumbani. Tofauti hiyo inaonekana katika nyuso za watu aliowapiga.

Brewarrina ni mahali pa namna gani?

Ni mji ulio kando ya mto Barwon, umbali wa takriban kilomita 800 kutoka Sydney. Mtoni hapo kuna mitego ya samaki iliyojengwa kwa mawe, inayoitwa Ngunnhu, ambayo ni miongoni mwa kazi za kale zaidi za ujenzi zilizobaki kutoka mikono ya binadamu. Kwa vizazi vingi jamii mbalimbali zilikutana hapo kuvua, kufanya sherehe na kusuluhisha mambo yao. Karibu na mji huohuo serikali ya jimbo iliendesha kwa miongo mingi, kuanzia 1886, kituo cha kuwakusanya Waaborijini chini ya usimamizi wa meneja, ambapo ruhusa ya kutoka, kupokea wageni au kutumia mshahara wako mwenyewe ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Baba yake Bishop, ambaye watu walimwita Minty, aliwahi kuwa mwanajeshi na mkata manyoya ya kondoo. Babu yake mzaa baba alikuwa Mpunjabi kutoka India aliyezaa na mwanamke Muaborijini. Historia za namna hiyo si ngeni sehemu hizo, kwa kuwa wachuuzi kutoka India walizunguka na mikokoteni yao katika mashamba na miji ya ndani ya Australia tangu karne ya 19.

Sheria za wakati huo ziliwaathirije watu kama yeye?

Ni vigumu kuzielewa picha zake bila kujua jambo hili. Huko New South Wales kulikuwa na bodi ya serikali yenye mamlaka juu ya maisha ya Waaborijini. Kuanzia miaka ya 1940 bodi hiyo iliweza kumpa mtu hati ya msamaha, yaani karatasi inayosema kwamba mwenye nayo hahesabiwi tena kuwa Muaborijini mbele ya sheria hizo. Mwenye hati angeweza kuingia baa, kuishi mjini na kumpeleka mtoto wake katika shule ya kawaida, lakini alitakiwa pia ajitenge na jamaa zake walioishi vituoni. Wenyewe waliiita hati hiyo leseni ya mbwa, na jina hilo linatosha kueleza walivyoipokea. Bodi ilifutwa 1969, wakati Bishop akiwa tayari na miaka kadhaa kazini.

Bodi hiyohiyo ilichapisha jarida lake lenyewe, lililojaa picha za watoto waliooga vizuri wakitabasamu na nyumba mpya zilizopakwa rangi. Msomaji asidhani kwamba Waaborijini walikosa kuonekana katika picha za zama zile. Walionekana, ila jinsi walivyoonekana iliamuliwa na wengine.

Alianzaje kupiga picha?

Alianza na kamera ya mama yake, Kodak ya filamu ya 620, aina iliyokuwa ya kawaida majumbani. Baadaye alijinunulia kamera ya Kijapani ya milimita 35. Kilichomteka kabisa, hata hivyo, kilikuwa chumba cha giza, pale alipoona kwa mara ya kwanza picha ikisafishwa.

Vijana waliokulia kwenye simu huenda wasijue hisia hiyo, kwa hiyo inafaa kuielezea. Unakuwa katika chumba kisicho na mwanga isipokuwa taa nyekundu hafifu. Karatasi nyeupe inatumbukizwa katika trei ya dawa, na kwa sekunde kadhaa hakuna kinachotokea. Halafu kivuli kinaanza kujitokeza, kwanza nywele na macho, kisha mstari wa bega, kisha uso mzima unapanda kutoka chini ya maji kana kwamba ulikuwa umejificha humo siku zote. Mtu unayemfahamu anakutazama. Mtoto akishaiona hali hiyo mara moja, haisahau.

Aliingiaje gazetini?

Baada ya masomo ya sekondari huko Dubbo alikwenda Sydney, akafanya kazi ya ukarani katika shirika la utangazaji la taifa, ABC. Mwaka 1963 gazeti la The Sydney Morning Herald lilimchukua kuwa mwanagenzi katika idara ya picha. Uanagenzi huo ulikuwa wa miaka minne, nao uliambatana na masomo ya cheti cha upigaji picha katika chuo cha ufundi cha Sydney. Mchana alibeba mabegi ya waliomtangulia, akachanganya dawa, akasafisha filamu za wengine, na taratibu akaanza kutumwa mwenyewe.

Kazi ya gazeti haichagui. Leo ni mechi ya raga, kesho ni ajali barabarani, keshokutwa ni maonyesho ya mavazi. Mpiga picha anafika mahali asipopajua, anapata dakika chache za kuisoma hali, na anatakiwa arudi na picha moja inayojitosheleza. Shule hiyo ilimjenga. Mwaka 1968, bondia Lionel Rose aliporejea kutoka Tokyo akiwa Muaborijini wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa ndondi, Bishop alikuwepo katika mkutano wake na waandishi wa habari. Kijana mmoja Muaborijini alikuwa mbele ya vipaza sauti, na mwingine alikuwa upande wa kamera. Taifa lilikuwa limetoka kupiga kura ya maoni ya Mei 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walikubali katiba ibadilishwe ili Waaborijini wahesabiwe katika sensa na serikali kuu iweze kutunga sheria kwa ajili yao.

Picha ya mtawa anayekimbia ni ipi?

Ni picha ya nyeusi na nyeupe ya mwaka 1971 ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mbio za Uhai na Kifo. Mtawa wa Kikatoliki amembeba mtoto mdogo mikononi, anamkimbiza katika hospitali ya St Margaret's huko Sydney kwa hofu kwamba mtoto amemeza dawa. Picha hiyo ilimpatia Bishop tuzo ya mpiga picha bora wa habari wa mwaka nchini Australia kwa 1971, akiwa na umri wa miaka 25 au 26.

Ukiitazama kwa haraka utadhani ni bahati tu. Mtu yuko mlangoni pa hospitali, tukio linapita, anabonyeza. Lakini katika kamera ya wakati ule mpiga picha alipaswa kukadiria umbali kwa mkono, aweke mwanga kwa uzoefu, na abonyeze kabla ya tukio kufika pale anapotaka liwe, kwa sababu akisubiri mpaka alione ameshachelewa. Mtu anayekimbia hampi mpiga picha nafasi ya pili. Mikono ya aliyejifunza kwa miaka minane ndiyo iliyofanya kazi hapo.

Bishop mwenyewe amewahi kueleza kwamba ushindi huo haukumletea kazini maendeleo aliyoyatarajia. Si ajabu kwamba miaka michache baadaye alitazama kwingine.

Kwa nini aliacha gazeti mwaka 1974?

Chama cha Labor chini ya Gough Whitlam kilishinda uchaguzi wa Desemba 1972 na kuunda wizara kamili ya mambo ya Waaborijini. Bishop alijiunga na wizara hiyo mjini Canberra mwaka 1974 akiwa mpiga picha wake. Kwa miaka mitano iliyofuata alizunguka nchi nzima akipiga picha za shule, zahanati, nyumba, mikutano, wavuvi, wacheza dansi, wazee na watoto.

Mtu anaweza kuuliza, na ni haki yake, kama mpiga picha wa wizara anaweza kusema ukweli wowote. Majibu yamo ndani ya picha zenyewe. Serikali ilitaka kumbukumbu za miradi yake, na alizileta. Lakini pembeni mwa kila mradi kuna binadamu ambaye hakupangwa. Mwaka 1975 huko Mumeka, katika Arnhem Land, kaskazini mwa nchi, aliwapiga watoto wakicheza mtoni, na hakuna wizara inayohitaji picha ya watoto wakirusha maji. Aliipiga kwa sababu aliiona, na kwa sababu watoto hawakuacha kucheza alipofika.

Picha ya Whitlam na Lingiari inahusu nini hasa?

Ili kuielewa ni lazima turudi nyuma miaka tisa. Katika ranchi ya Wave Hill, takriban kilomita 600 kusini mwa Darwin, Wagurindji walifanya kazi ya kuchunga ng'ombe na kutumika majumbani kwa kampuni ya familia ya Vestey kutoka Uingereza. Kazi hiyo waliifanya juu ya ardhi ya mababu zao wenyewe, kwa malipo kidogo mno yakilinganishwa na ya wazungu, na mara nyingi kwa posho ya unga, chai, sukari na nyama, huku wakilala katika vibanda visivyo na maji wala choo. Tarehe 23 Agosti 1966, watu wapatao 200 wakiongozwa na Vincent Lingiari walibeba vitu vyao wakaondoka. Waliowaona mwanzoni walidhani ni mgomo wa mishahara. Wagurindji walipohamia kando ya kijito cha Wattie, mahali wanapopaita Daguragu, ilibainika kwamba walichodai kilikuwa kikubwa zaidi. Walitaka ardhi yao.

Walikaa hapo. Waliandika maombi, walituma wajumbe miji ya kusini, walikataliwa, wakaendelea kukaa. Masika na kiangazi vilipita mara tisa. Tarehe 16 Agosti 1975 Waziri Mkuu Whitlam alifika Daguragu akiwa na hati ya kuwapangisha ardhi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,236. Baada ya kumkabidhi Lingiari karatasi hizo, aliinama, akachota udongo kwa mkono, akaumimina katika kiganja cha mzee huyo, akisema kwamba anauweka mikononi mwake kama ishara kuwa ardhi hii itakuwa yao na ya watoto wao milele.

Bishop alikuwepo kwa niaba ya wizara. Picha yake ni ya rangi na ni ya mraba. Nyuma ya watu wale wawili hakuna umati, bendera wala gari, ni anga la buluu tupu. Whitlam, mtu mrefu aliyevaa suti katikati ya nchi kame, ananyoosha mkono. Lingiari amekinga kiganja. Na kati ya mikono miwili unaonekana udongo ukishuka. Jicho haliwezi kwenda kwingine.

Wazo la kumimina udongo lilitoka wapi?

Lilitoka kwa H. C. Coombs, mchumi na mshauri wa serikali, ambaye naye alilichota kwa mwanaanthropolojia W. E. H. Stanner. Stanner alikumbuka kwamba mwaka 1835, John Batman alipotaka kujipatia ardhi mahali ambapo leo ni Melbourne, wazee wa Kiwurundjeri walimwekea udongo mkononi kama ishara. Mwaka 1975 udongo ulisafiri kwa njia ya kurudi, kutoka mkono wa mzungu mwenye mamlaka kwenda mkono wa mwenye nchi. Ishara hiyo iliandaliwa, lakini iliandaliwa na watu waliojua uzito wake.

Ni kweli kwamba picha hiyo ilipigwa mara ya pili? Je, huo si uongo?

Ni kweli. Hafla yenyewe ilifanyika chini ya kivuli cha kibanda. Yeyote aliyewahi kupiga picha chini ya turubai la harusi saa sita mchana anajua shida iliyokuwepo. Jua la nje ni kali, ndani ni giza, nyuso zinakuwa nyeusi na kila kilicho nyuma kinaungua na kuwa cheupe. Kwa ngozi nyeusi tatizo linakuwa maradufu, kwa kuwa filamu za rangi za wakati ule hazikuwa na uvumilivu mkubwa kwa tofauti za mwanga, na ukikosea kidogo uso wa Lingiari ungepotea huku wa Whitlam ukibaki. Baada ya hafla Bishop alimwomba waziri mkuu watoke nje juani, na tendo lile likarudiwa mbele ya anga wazi. Whitlam alikubali, na Lingiari pia.

Wako wanaohisi wameibiwa kitu wanapojua hivyo. Maoni ya ukurasa huu ni tofauti, na tunayasema waziwazi. Uongo katika picha ya habari ni kuonyesha jambo ambalo halikutokea, au kulionyesha kwa namna inayompotosha mtazamaji kuhusu lililotokea. Hapa jambo lilitokea dakika chache kabla, wahusika ni walewale, udongo ni uleule wa Daguragu, na karatasi zilikuwa zimeshakabidhiwa. Alichobadilisha Bishop ni mwanga. Wapiga picha wa serikali katika nchi zote huwaomba viongozi wapeane mikono tena kwa sababu kamera haikuwa tayari, na matokeo yake kwa kawaida ni picha zilizokufa. Hii haikufa, na nadhani sababu ni kwamba Bishop hakuomba kurudiwa kwa ajili ya mkubwa aonekane vizuri. Kivulini aliyekuwa akipotea ni mzee wa Kigurindji. Juani anaonekana kila mkunjo wa uso wake.

Hata hivyo historia hiyo haifai kufichwa. Makala inayoitumia picha hii ikisema kwamba ndiyo sekunde yenyewe ya makabidhiano inakosea, na kosa hilo halina faida, kwa sababu ukweli unampa mpiga picha heshima kubwa zaidi.

Nini kilifuata kwa ardhi na kwa wahusika?

Chini ya miezi mitatu baadaye, tarehe 11 Novemba 1975, Whitlam aliondolewa madarakani na Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia nchini Australia. Mswada wa haki za ardhi, ambao serikali yake haikuwahi kuupitisha, ulipitishwa na serikali iliyomfuata, ya Malcolm Fraser, ukawa sheria ya 1976 ya haki za ardhi za Waaborijini katika Northern Territory. Wagurindji walipata umiliki kamili wa Daguragu mwaka 1986. Lingiari alifariki 1988, na leo jimbo la uchaguzi linalochukua karibu eneo lote la Northern Territory nje ya Darwin linaitwa kwa jina lake.

Mbali na picha hizo mbili, kazi yake nyingine ni ipi?

Ni nyingi kuliko zinavyotajwa, na hapa ndipo penye utajiri wake. Tangu ujana wake alirudi Brewarrina mara kwa mara akiwapiga ndugu zake, binamu, majirani, wazee waliokaa nje ya nyumba. Alirejea gazetini Sydney mwaka 1979, kisha 1986 akaanza kujitegemea. Septemba mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa wapiga picha kumi waliokusanywa katika maonyesho ya kwanza ya wapiga picha Waaborijini na wa visiwa vya Torres Strait, mjini Sydney. Pamoja naye walikuwemo vijana kama Michael Riley, Tracey Moffatt na Brenda L. Croft, ambao baadaye walikuwa majina makubwa katika sanaa ya Australia. Bishop alikuwa kaka yao mkubwa. Wakati wao wanaanza, yeye alikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya filamu kabatini.

Mwaka 1988 Australia iliadhimisha miaka 200 tangu meli za kwanza za Waingereza kufika. Kwa Waaborijini wengi haukuwa mwaka wa sherehe. Bishop alishiriki katika mradi wa kitaifa wa picha za maisha ya Waaborijini ambao ulikuwa na kanuni moja muhimu, kwamba jamii zilizopigwa picha zilishiriki kuamua ni picha zipi zichapishwe na ziambatane na maneno gani. Kwa mtu aliyekulia zama za jarida la ile bodi, kanuni hiyo ilikuwa mapinduzi.

Alifanya kazi pia katika filamu. Phillip Noyce alipotengeneza filamu yake ya 2002 kuhusu wasichana Waaborijini walioporwa kwa mama zao na kutembea mamia ya kilomita kurudi nyumbani, Bishop alikuwa mpiga picha za mnato.

Je, ni mpiga picha wa habari au wa maisha ya jamii?

Ni vyote viwili, na mpaka kati yao haukumsumbua. Mpiga picha wa habari huondoka tukio linapokwisha. Wa maisha ya jamii hubaki, au hurudi. Ufundi wa kwanza Bishop aliupata gazetini, na wa pili alikuja nao kutoka nyumbani, kwa kuwa watu wengi aliowapiga alikuwa akiwafahamu, au walifahamu familia yake. Katika jamii za Waaborijini swali la kwanza mgeni anapofika ni ukoo wake na kwao ni wapi. Akishalijibu hilo, kamera haiwi tena kitu cha kutisha.

Kwa nini alichelewa kupata maonyesho yake mwenyewe?

Kwa miaka mingi majumba ya sanaa hayakuhesabu picha za gazeti kuwa sanaa, na picha za wizara ndiyo kabisa. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifunguliwa 1991 katika Kituo cha Upigaji Picha cha Australia mjini Sydney, yakikusanya kazi za miaka 30 kuanzia 1960. Aliyezichagua picha hizo ni Tracey Moffatt, msanii aliyemzidi Bishop sana kwa ujana lakini aliyekuwa na jicho la kuona kilichokuwa kimelala katika masanduku yale. Maonyesho hayo yalizunguka nchi kwa miaka mingi. Mwaka 2000 Bishop alipewa tuzo ya Red Ochre, ambayo Baraza la Sanaa la Australia, linaloitwa Creative Australia tangu 2023, humpa msanii mwenyeji asilia kwa kazi ya maisha yake yote. Jumba la Sanaa la New South Wales lilimwandalia maonyesho makubwa 2017, nayo yakafika Canberra mwaka 2021 katika hifadhi ya taifa ya filamu na sauti.

Amefundisha pia. Vijana Waaborijini walijifunza kwake katika vyuo vya Tranby na Eora mjini Sydney, na kama ilivyokuwa kwake, somo lilianzia chumba cha giza.

Kwa nini maonyesho ya picha kama zake huwa na onyo kuhusu marehemu?

Katika jamii nyingi za Waaborijini, kulitaja jina la mtu aliyefariki au kuitazama sura yake katika kipindi cha msiba kunawaongezea wafiwa majonzi, na kunaweza kuwa kosa. Ndiyo maana majumba ya makumbusho, televisheni na vitabu vya Australia hutanguliza tahadhari. Mfano mzuri umo katika kazi ya Bishop mwenyewe. Mwaka 2000 alipiga picha ya mwimbaji Jimmy Little katika mazishi ya kitaifa ya mwanaharakati Charles Perkins, na katika jina la picha hiyo marehemu anaitwa Kwementyaye Perkins. Kwementyaye ni neno la Kiarrernte linaloshika nafasi ya jina la aliyefariki. Aliyeandika maelezo ya picha alifuata adabu ya msiba, na msomaji asiyelijua neno hilo angedhani ni mtu mwingine.

Nikitaka kuanza kuzitazama picha zake, nianze na ipi?

Wengi huanza na udongo wa Daguragu, na si vibaya. Lakini ningependekeza usimalize siku bila kuitafuta picha aliyoipiga 1988 huko Burnt Bridge, karibu na Kempsey, pwani ya New South Wales. Jina lake ni la kawaida kabisa, mwanamke aliyesimama karibu na waya wa umeme uliomo majini. Hakuna waziri mkuu hapo, wala historia inayotangazwa kwa vipaza sauti. Kuna mwanamke, kuna waya, kuna maji, na hatari inayoeleweka na mtu yeyote ambaye aliwahi kuishi katika nyumba iliyovuja. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu Daguragu, na Bishop alikuwa bado anazunguka na kamera yake akiingia majumbani mwa watu waliomfungulia mlango.